Mkono Uliotokea kwenye Paa la Gari la Harusi

Mkono wa mtu ulitokea kwenye paa la gari nililopaka rangi mimi mwenyewe.

Sisemi alama ya vumbi. Rangi ilivimba, ikatoa malengelenge, na malengelenge yakajipanga kiganja na vidole, kama kuna mtu ndani ya paa anasukuma atoke.

Watu walikuja kuangalia kama wanakuja kwenye sinema. Wakasema ule ni mkono wa baba yangu.

Na maiti ya baba yangu tulikuwa tumeshaichoma, kwa desturi yetu, tangu msimu wa baridi.

Naitwa Harveen, fundi rangi, mzaliwa wa Mandi Dabwali, mji mdogo wa kaskazini mwa India. Kwetu ndiko jeep mbovu zinakofufuliwa. Unaleta chuma chakavu kwenye trekta, unaondoka na gari ambalo shemeji zako watalisema mwaka mzima. Baba alipaka magari hayo maisha yake yote, na kazi niliipata kwake.

Alipokufa, sala za msiba hazijaisha, kaka yake akanyoosha mkono.

"Lete funguo za karakana," akasema Baba Mkubwa Balkar. "Bunduki ya kupulizia rangi si kitu cha mtoto wa kike. Utaolewa, utaenda zako."

"Nikiolewa nitaenda nayo," nikamjibu.

Mama alinifinya mkono kwa chini. Lakini niliona ametabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ililetwa na Lakhvir, mkulima wa pamba, mzee wa masharubu makubwa na maneno machache. Mwanawe alikuwa anaoa baada ya mavuno ya ngano, na jeep yake ndiyo ingemleta bibi harusi. Bodi ilikuwa bati tupu, nzima kabisa. Shida ilikuwa paa. Paa lilikuwa la faiba, na rangi yake ilikuwa imevimba huku na huku kama mgongo wa chura.

"Utaliweza, binti?"

"Nitaliweza, mzee."

"Baba Mkubwa wako anasema hutaliweza."

"Baba Mkubwa hajawahi kupaka hata ukuta wa choo."

Mzee akacheka, akaniachia gari.

Nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Nikabandua rangi yote, nikapiga msasa mpaka faiba ikabaki uchi, nikaliacha paa juani siku kadhaa litoe unyevu wote. Nikapangusa kwa tinna, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikapaka rangi ya msingi, nikapuliza nyeupe ya maziwa. Lilipokauka niliweza kujiona uso. Nikapiga picha, nikawatumia mashoga zangu wote. Kujisifu kwangu kote kulikuwa siku ile!

Siku ya tatu juani, mkono ukatokea.

Baba Mkubwa alifika kabla sijamaliza kushangaa. Sijui nani alimwambia. Akapanda juu ya ndoo, akatazama, akashuka ameshika masikio kama anayeomba toba.

"Mnaona?" akawaambia mafundi wa barabara nzima. "Mdogo wangu huyo. Anamsukuma binti yake atoke. Hataki mwanamke kwenye kazi yake!"

Watu wakaguna. Wengine wakarudi nyuma.

Jamani, niliumia. Baba yangu, aliyenishika kiganja akanifundisha kupuliza bila kutetemeka, leo anafanywa mzimu wa kunifukuza?

"Baba Mkubwa," nikasema, "baba alipokuwa hai hukumsikiliza. Leo amekufa ndiyo unamsikia vizuri?"

Mafundi wakapiga mayowe ya kicheko. Balkar akawa mwekundu.

"Haya. Lipake tena. Halafu likae juani kutwa, mbele yetu sote. Likitoa lengelenge hata moja, funguo ni zangu."

Lakhvir alikuwa amesimama pale. Akanitazama. "Binti, harusi imekaribia."

"Najua, mzee. Nimekubali."

Mdomo huo! Ulishanitangulia, mimi nikabaki nyuma.

Asubuhi iliyofuata nikapanda juu ya lile paa peke yangu. Nikajilaza kifudifudi, pua karibu na rangi, nikautazama ule mkono kwa karibu. Watu wakitaka kuona mzimu hawahesabu vidole. Mimi nilihesabu.

Dole gumba lipo. Cha shahada kipo. Cha mwisho kipo, na kinachofuata kipo.

Cha kati kilikuwa kifupi. Kiliishia nusu.

Vidole vya baba vilikuwa vizima vyote. Mpaka tunamlaza juu ya kuni, vilikuwa vizima.

Nikachukua kisu, nikapasua lengelenge moja. Chini yake kulikuwa na unyevu. Nikanusa.

Mafuta ya haradali.

"Harveen! Shuka ule, chapati zinapoa!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani, mtandio wake mweupe wa ujane kichwani. Chapati, kitunguu, bilauri ya mtindi. Nikaitazama ile sahani. Nikautazama mkono uliokuwa umeishika.

Kidole chake cha kati kilichukuliwa na mashine ya kukatia majani ya nyati, nikiwa bado nanyonya. Nimekiona kila siku ya maisha yangu. Ukikiona kitu kila siku, hukioni tena.

"Bebe," nikamwita mama kama tunavyoita kwetu. "Umegusa hili paa?"

Akaitua sahani.

Akakaa chini palepale mlangoni. Akaniambia yote.

Kila gari la baba, alfajiri kabla halijapakwa, mama alikuwa anachovya kiganja kwenye mafuta ya haradali na kuliwekea mkono, kijicho kisiliguse. Ndivyo tunavyomwaga mafuta mlangoni bibi harusi anapoingia. Baba alikuwa anajua. Alikuwa anamwacha, halafu anapangusa kwa tinna na kuendelea na kazi.

"Miaka yote hiyo hakuna gari lililovimba," akasema akilia. "Nikasema, Balkar anakutazama kwa jicho baya. Nikuache bila kinga?"

Magari yote hayo yalikuwa ya bati, na bati halinywi. Ukilipangusa, mafuta yanatoka. Faiba iliyopigwa msasa ina matundu madogo kila mahali, inakunywa kama ardhi ya kiangazi. Tinna yangu ilipangusa juu tu. Mafuta yalibaki chini, jua likayachemsha, yakatafuta pa kutokea.

Basi mzimu wangu ulikuwa mama yangu, na aliyekuwa ananiangusha ndiye aliyekuwa ananiombea.

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nilikasirika mpaka nikapiga teke ndoo. Halafu nikamwona anavyojifuta machozi kwa kile kidole kifupi, hasira ikaniishia.

"Waambie ni mimi," akasema. "Usipoteze karakana."

"Siwaambii."

"Harveen!"

"Bebe, wewe ni mjane. Umeweka mkono kwenye gari la harusi. Unajua watakachosema."

Alijua. Kwetu mjane huhesabiwa nuksi, anakaa nyuma siku ya harusi. Hashiki nguo ya bibi harusi, hapaki mtu manjano. Hata mwanawe akioa, kuna watakaomwambia asogee kidogo. Nikisema ni yeye, funguo nitabaki nazo, lakini yeye hatatoka tena nje ya geti akiwa ameinua kichwa.

Nikarudi juu ya paa. Pale penye mkono nikakata na kutoa faiba yote iliyolewa mafuta, nikapajaza upya kwa kitambaa na gundi yake. Paa zima nikaliosha kwa tinna, nikabadilisha vitambaa mpaka kikatoka cheupe. Nikaliacha jua lifanye kazi yake, nikaziba kila tundu kwa gundi, ndipo nikapaka. Mama hakukaribia. Alikuwa anachungulia kutoka jikoni, mikono ameikunja kwapani.

Siku ya jaribio jua lilikuwa kali mpaka mbwa walijificha. Mafundi waliketi kivulini wakinywa chai. Balkar alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele, mzee mzima kama hakimu.

Mchana ukapita. Paa likawaka kwa joto, halikuvimba.

Jua likaanza kushuka. Lakhvir akapitisha kiganja juu ya paa, pole pole, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Limenyooka," akasema.

Mafundi wakapiga makofi. Nami nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu asubuhi.

Lakini Balkar hakuondoka.

"Sawa. Sasa tuambie, ule mkono ulikuwa wa nani?"

Nikainama kuokota vitambaa vyangu.

"Ananyamaza! Basi ni uchawi wake mwenyewe. Amechezea jina la mdogo wangu. Lakhvir, utampakia mkwe wako kwenye gari la mchawi?"

Lakhvir akanitazama, anasubiri neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

Ndipo nikasikia kandambili nyuma yangu.

Mama alikuwa anakuja kutoka jikoni na bakuli mkononi. Hakumtazama mtu. Akapita katikati ya wanaume wote wale, mtandio mweupe umeteleza mpaka mabegani, akafika mbele ya gari. Akachovya mkono kwenye mafuta, akaupiga kwenye boneti, *pa!*

Boneti lilikuwa la bati.

Akauondoa. Mkono ukabaki pale unang'aa, kidole cha kati kimeishia nusu.

"Wangu huo," akasema. "Kila gari lililotoka hapa niliuweka, na mume wangu akijua. Mimi ni mjane, ndiyo. Mwenye neno aseme nikiwa nimesimama hapa."

Mafundi wakatazama vikombe vyao.

Balkar akafungua mdomo. Lakhvir akamwinulia kiganja anyamaze. Akatoa leso mfukoni, akalikaribia boneti, nami nikadhani anaufuta.

Alijifuta jasho tu.

"Siku naoa mimi, mama yangu alifungiwa chumba cha nyuma kwa sababu hiyohiyo," akasema. "Nilimsikia analia, nikapanda farasi wa bwana harusi nikaenda. Huu mkono usifutwe. Na Jumapili, dada, utakuja harusini. Utakaa mbele."

Gari likaenda harusini na mkono wa mama kwenye boneti.

Baba Mkubwa aliondoka na kiti chake kichwani. Funguo ninazo mpaka leo. Siku hizi mteja akija kuchukua gari, kabla hajauliza bei, anauliza, "Bebe yuko wapi? Hajaniwekea mkono." Naye anauweka, kwenye bati, kazi ikishakauka. Tulikubaliana hivyo.

Ninalokuachia ndugu msomaji ni hili. Anayekupenda anaweza kukuharibia kazi akidhani anakulinda. Usimfukuze, muonyeshe pa kuweka mkono.

Na marehemu wako, usimwachie mtu amsemee. Maiti haisemi. Ukisikia inasemewa, mtazame vizuri huyo msemaji, halafu ficha funguo zako.