Mgeni wa Upande wa Mke Mkubwa

Lorna alikuwa ameipanga meza, akaipangua, akaipanga upya. Nyama ya kondoo ilikuwa ikiiva kwenye oveni. Mama yake, Bi Winifred, alikuwa amekaa kitini, amevaa shanga zake za kanisani, akimsubiri mgeni asiyemjua.

Maisha yake yote Bi Winifred aliwaambia watu wa mji wao, Franklin, kwamba babu yake, Patrick Dineen, alikuja kisiwani Tasmania kutoka Ireland kwa hiari yake, kutafuta ardhi ya kupanda matufaha. Lorna, mkunga mstaafu, ndiye aliyeanza kuchokonoa. Aliulizauliza mpaka Ireland, na alichokifukua kikamnyima raha. Patrick aliletwa akiwa mfungwa, na pingu mikononi, kwa kuiba kondoo wakati wa njaa kuu. Huko kwao aliacha mke na watoto. Kumbe Bibi Harriet, mkewe wa huku Tasmania, aliyezikwa kwa heshima zote, aliolewa na mume wa mtu!

Sasa kitukuu wa yule mke mkubwa, Colm, alikuwa njiani. Lorna alimwambia mama yake tu kwamba ni ndugu wa mbali.

Colm aliingia, mzee mwembamba mwenye masikio yaleyale ya Bi Winifred. Alipoona sahani akaangua kicheko.

"Kondoo tena? Si ndiye aliyetuponza!"

Lorna akamtolea macho.

"Kondoo gani?" Bi Winifred akauliza.

Colm alimtazama Lorna, akaelewa, lakini maji yalikwisha kumwagika. Akaeleza yote, polepole, macho yake mezani.

Bi Winifred hakupiga kelele. "Huyo mke," alisema, "alimngoja?"

"Alimngoja, bibi. Kijiji kizima kilimcheka, si mjane, si mke. Yeye alishikilia kwamba Patrick atatuma nauli."

"Hakutuma."

"Hakutuma."

Bi Winifred akamgeukia binti yake. "Ulijua, ukaniacha nijipambe?"

"Mama, niliogopa..."

"Nyamaza." Akaenda chumbani, mlango ukafungwa kwa kishindo.

Chakula kikapoa. Lorna alikuwa akitafuta maneno ya kumwomba Colm radhi mlango ulipofunguliwa. Mama yake alitoka na koti na kofia.

"Twendeni makaburini. Huyu ana haki ya kumwona Patrick."

Walipofika, ndipo Lorna alipokumbuka maneno ya kwenye jiwe la kaburi: *Mume mpendwa wa Harriet.* Alitamani ayafunike kwa koti lake. Colm aliyasoma, midomo ikicheza, kisha akaomba aachwe peke yake.

Mama na binti wakasimama langoni, upepo wa mtoni ukiwachapa. Kucha za Bi Winifred zilimzama Lorna mkononi. Waliona mgongo tu wa Colm, na mabega yakipanda na kushuka.

"Anasali au anamtukana?" Bi Winifred akanong'ona.

"Sijui, Mama."

"Kama anamtukana, mwache amalize."