Makubazi ya Harusi

Jana fundi wa jirani alikuwa akikata tairi, na harufu ya mpira uliopigwa jua ikanirudisha kibarazani kwetu Ng'ambo, Tabora. Baba alikuwa mshona makubazi. Vita vilipokuja, ngozi zote zilichukuliwa kwa ajili ya jeshi, na kwa miezi kadhaa hakuuza kitu. Ndipo akapata tairi bovu la lori, akachonga soli hadi viganja vikachubuka. Lakini ngozi ya mikanda hakuwa nayo.

Mama akatoka ndani na makubazi aliyoshonewa na baba kwa ajili ya harusi yao, yenye nakshi nyekundu.

"Kata haya."

"Siwezi. Haya ni yako."

"Baba watoto, nakshi haziliki."

Baba hakunyoosha mkono. Mama akachukua kisu, akakata mwenyewe. Baba akashona bila kuinua uso.

Mchukuzi wa stesheni aliinunua jozi ile, na kesho yake akawaleta wenzake waagize zao, hata kwa mikanda ya mpira.

Siku ya Idi mama alikwenda pekupeku, akiwaamkia watu kama kawaida. Baba alitufuata nyuma, viatu vyake kavishika mkononi.