Nilimzoesha Msichana Wangu Kiu

Admin, tafadhali jina langu lisionekane. Wengi wa huku kwetu wanasoma hii page.

Mimi ni mama wa miaka 43, Mkamba, naishi mtaa wa Mashimoni na bwanangu. Shule niliachia darasa la tano kwa hivyo mnivumilie. Msichana wetu, nitamwita Mwende, ana miaka 19. Alizaliwa na shida ya ubongo. Hatembei, haongei, lakini anasikia kila kitu na anapenda kucheka. Kumwosha, kumvalisha, kumbadilisha, ni mimi tangu azaliwe. Sijawahi kumchoka, hiyo Mungu anajua.

Mimi hufulia watu nguo huko mtaa wa Satellite. Natoka asubuhi na mapema, narudi saa kumi. Mwende hubaki kwa godoro, jirani anamchungulia tu, na kumbadilisha siwezi kumuomba mtu. Siku moja narudi, huyo jirani, ambaye anakaanga mandazi mlangoni kwake, akanisema mbele ya wateja: "Mama Mwende, harufu ya kwako imefika kwa karai yangu! Ama nianze kuuza mandazi ya mkojo?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndio mjue vile aibu ilinishika. Ndani nikamkuta ameloa mpaka mgongo, ngozi imechubuka, na kwa mtungi hakuna maji ya kumwosha.

Kesho yake sikumpa chai. Nilimpa mkate na maji kidogo tu ya kuuteremsha. Niliporudi nikamkuta mkavu. Jamani, nilifurahi! Nikampigia makofi, nikamwambia, "Leo umekuwa msichana mzuri kabisa!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Basi ikawa hivyo kila siku ya kazi. Jioni nampa anywe, najidanganya kwamba inatosha. Miezi minne. Hata babake akaniambia, "Siku hizi Mwende hasumbui. Umemfundisha vizuri."

Juzi akashikwa na homa, mkojo ukatoka kama strungi, ile chai isiyo na maziwa. Babake akambeba mgongoni tukaenda kliniki. Nesi akasema ni maambukizi ya mkojo, akaniuliza, "Mama, huyu anakunywa maji ya kutosha?"

Nikajibu haraka, "Sana, sista. Anakunywa sana."

Babake naye akaongeza, "Huyu mama hawezi kumnyima mtoto kitu."



Tulipewa dawa, tukaambiwa anywe maji mengi, turudi Alhamisi. Nimeacha kazi wiki hii nikae naye. Maji yapo, chai ya maziwa ipo, na Mwende hataki. Nikileta kikombe anafunga mdomo. Nikimbembeleza anameza kidogo, ingine anatema. Halafu nikimgusa nguo nione kama ameloa, na ni mkavu, anaangalia mikono yangu. Anangoja makofi.

Jana nilikunywa mimi kwanza, nikajipigia makofi nikicheka kama mwendawazimu. Aliniangalia tu, akageuza macho kwa mlango, kama ananiuliza mbona siendi kazi. Nilitoka nje nikalia hapo kwa kamba ya nguo, nikijifanya naanua.

Alhamisi babake atakuwa amesimama hapo tena. Nikisema ukweli, sijui ataniangalia na macho gani. Nisiposema, nesi atatibu ugonjwa na mwenye kuuleta amekaa kwa kiti mbele yake.

Wamama wenzangu, hasa mlio na watoto kama wangu, nitukaneni kama ni lazima, nimestahili. Lakini mkimaliza mnisaidie. Babake nimwambie tukiwa nyumbani kabla ya Alhamisi, ama nitoe yote pale pale kwa nesi? Na Mwende, ambaye nilimfundisha mwenyewe kwa hii mikono, nitamwambiaje aelewe kwamba kuloa haikuwa makosa yake?