Mgongo Nilioegemea Buna

Tuanze na dawa, kwa sababu najua ndiko mtakakokimbilia. Nilimuuliza daktari mara tatu kama vidonge vyangu vinaweza kumfanya mtu aone visivyokuwepo. Mara zote tatu alisema hapana. Kwa hiyo haya ninayowasimulia yalinipata nikiwa na akili zangu timamu. Wallahi, sipunguzi wala siongezi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Waberi, hapa mjini Garissa, na mume wangu na mabinti wetu wawili. Mwaka juzi moyo wangu ulianza vituko. Unapiga mara tatu, unanyamaza, halafu unapiga mara saba mbiombio, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidato. Daktari alinieleza kwamba umeme unaouendesha moyo umevurugika. Akanipa dawa ya kutuliza mapigo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Mchana niliweza kuishi na hali hiyo. Tabu ilikuwa kulala.

Je, umewahi kukosa namna ya kulala? Sisemi kukosa usingizi. Nasema kukosa jinsi ya kuuweka mwili wako mwenyewe. Nikilalia ubavu wa kushoto, moyo ulikuwa ukigonga godoro mpaka nadhani kitanda kizima kinatikisika. Nikilala chali, pumzi inakwama hapa kooni. Kifudifudi ndiyo usiseme. Ubavu wa kulia ulikuwa na nafuu kidogo, ila sikio likigusa mto nasikia kila pigo, na pigo likichelewa, nalingoja. Mtu anayengoja pigo la moyo wake hapati usingizi, niamini. Nilipanga mito mitatu, nikaongeza wa nne, nikaishia kulala nimekaa, asubuhi shingo haigeuki.

Shule zilipofungwa, mume wangu alisema, "Nenda Buna kwa shangazi yako. Hapa pikipiki na majenereta hayakuachi. Kule utapumzika."

Nikaenda. Shangazi yangu, dada yake baba, ni mjane. Ana nyumba ya mabati nje kidogo ya mji, na zizi la mbuzi nyuma yake. Nilikuwa namwita Eeddo, naye aliniita Eeddo, kwa maana kwetu Wasomali shangazi na mpwa huitana kwa neno hilohilo. Alinipikia, akaninywesha maziwa ya ngamia, akanikataza kushika ufagio. Lakini usiku ulipofika, mambo yalikuwa yaleyale. Nilikuwa nimeubeba moyo wangu, ningewezaje kuukimbia?

Usiku wa tatu joto lilizidi mle ndani. Nilitoa mkeka nikautandika uani, nikapanga mito miwili juu ya dumu la maji, nikaegemea. Dumu likateleza. Nikalipanga upya, likateleza tena. Niliketi tu pale, magoti kifuani, nikalia kimyakimya ili Eeddo asisikie. Mbalamwezi ilikuwa inawaka kiasi kwamba niliwaona mbuzi zizini mmoja mmoja. Wote walikuwa wamesimama. Mbuzi gani husimama saa nane za usiku bila kutoa sauti? Leo najiuliza. Usiku ule sikujiuliza.

Mwanamke alikuja kutoka upande wa zizi. Alivaa dira na mtandio mkubwa kama mama yeyote wa huku, na nilidhani ni jirani aliyeamka kutazama mifugo. Hakutoa salamu. Alisimama ukingoni mwa mkeka, akasema, "Abaayo, unalalaje?"

Abaayo ni dada. Na swali lile, jamani! Kila mtu alikuwa akiniuliza, "Umelala?" Mume wangu, mama yangu, walimu wenzangu, wote ni "umelala, umelala?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninalalaje. Nilimweleza mgeni yule kila kitu: kushoto, kulia, chali, mito, dumu. Aliniacha nimalize.

"Kuna namna moja hujaijaribu," akasema. "Niegemee."

Akaketi nyuma yangu, mgongo wake ukagusana na wangu. Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu, nimechoka kwa namna ambayo ungeniambia nilale juu ya miiba ningekuuliza miiba iko wapi.

Sijui niwaelezeje raha ile. Mgongo wake ulikuwa wa baridi, baridi nzuri, kama mtungi uliokaa kivulini. Ulinipokea kila mahali, shingoni, mabegani, kiunoni, kana kwamba ulipimwa kwa ajili yangu. Pumzi ilishuka mpaka tumboni. Na moyo ukatulia. Haukurukaruka wala kugonga. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kimya. Macho yakaanza kujifumba. Nilisema alhamdulillahi moyoni.

Hapo ndipo nilipousikia. Mapigo matatu. Kimya. Mapigo saba ya mbio.

Nikatabasamu usingizini, nikawaza, haya, umerudi. Kisha usingizi wote ukaniruka, kwa sababu mapigo yale hayakutoka kifuani mwangu. Yalikuwa yakitoka nyuma. Yalikuwa yanadunda ndani ya mgongo wake, yakinigonga uti wa mgongo. Niliweka mkono kifuani. Unajua kuweka kiganja ukutani? Ndivyo nilivyohisi. Nilibonyeza. Nilishika shingo. Hapakuwa na kitu.

"Umechoka nao," alisema yule mwanamke, na sasa sauti yake ilikuwa na pumzi ya mtu aliyepanda mlima. "Niachie mimi. Wewe lala."

Naona aibu kusema hili, lakini niliahidi kuwaambia ukweli: nilifikiria kumwachia. Niliona ni jambo dogo tu, kama kumkabidhi mtu mzigo mlangoni. Kilichoniamsha ni binti yangu mdogo, ambaye hakubali mtu mwingine amsuke nywele. Nilimwona amekaa sakafuni na chanuo mkononi, ananisubiri. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Nimeihifadhi tangu utotoni, lakini ilinipotea katikati. Nikaanza tena, ikapotea palepale. Na mgongo ule ukazidi kunikumbatia. Ndiyo, kunikumbatia. Migongo haikumbatii, najua.

Nikapiga kelele, "Eeddo!" na kujirusha mbele kwa nguvu zangu zote. Tulibanduka kama plasta inayotoka na nywele. Nilianguka ubavu wa kushoto, na moyo ukanipiga teke ndani ya kifua hata nikatapika maziwa yote. Ulidunda ovyo, vibaya kuliko siku zote. Niliushika kwa mikono miwili, nikafurahi kwa maumivu yale.

Eeddo alitoka na tochi, kichwa wazi, yeye asiyetoka bila mtandio. Hapakuwa na mtu mwingine uani. Mbuzi walikuwa wamelala. Sikuwa nimefungua kinywa alipopiga magoti, akanishika uso na kuniuliza, "Ulimwegemea?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mpaka mwisho?"

"Hapana, Eeddo."

Akalia. Kisha akaniambia jambo ambalo familia haikuwahi kunieleza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, naye moyo wake ulikuwa ukirukaruka. Alikaa miezi bila kulala vizuri. Asubuhi moja walimkuta nyuma ya zizi, ameketi wima mchangani, kichwa kimelala nyuma, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Amekufa. Hapakuwa na ukuta pale, wala mti, wala gunia.

"Tulimkuta ameegemea hewa," Eeddo alisema. "Watu wanne wazima tulimwona. Tulipomgusa bega, ndipo akaanguka."

Alikilaza kichwa changu mapajani mwake, akanisomea mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi hiyohiyo nikapanda gari.

Siku hizi nalala ubavu wa kulia, kichwa kimeinuliwa, mgongo umebanwa ukutani. Daktari amebadilisha dawa, na kuna usiku napata saa nne, hata tano. Lakini kuna mahali katikati ya mabega yangu hapajapata joto tena. Mume wangu hupagusa na kuondoa mkono haraka, kisha hujifanya hakuuondoa. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo hata yeye sijamwambia. Kuna usiku moyo unapokaidi, nami nageuka huku na huku bila nafuu, nikajikuta nautamani mgongo ule. Namtamani anirudie.

Kwa hiyo wewe unayekesha na mito yako, nenda hospitali, meza dawa zako, mwamshe mumeo, mwamshe mkeo, waudhi watu. Lakini mtu usiyemjua, asiyetoa salamu, akikuuliza unalalaje, usimjibu. Atakusikiliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukusikiliza, na raha atakayokupa ni ya kweli kabisa.