Siku Nilipopimwa Kama Fahali Sokoni Siongiroi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Siongiroi, maana wao huongeza chumvi mpaka mboga haitambuliki: ni kweli nilipakwa rangi ya ng'ombe makalioni, na ni kweli nilitoka sokoni nikiwa ndani ya lori la mafahali.

Mimi ni dalali wa ng'ombe, Mkisii niliyehamia huku zamani. Jioni ya siku hiyo madalali tulikuwa tunachagua mwenyekiti, na tuliokitaka kiti tulikuwa wawili tu, mimi na Mzee Koech, ambaye kitambi chake hufika sokoni kabla yake. Mimi kitambi sina na mikono yangu imejaa misuli, kwa hivyo kampeni yangu yote ilikuwa hiyo: chagueni mtu mwenye nguvu, asije akawaangukia mkutanoni. Nilikitaka kile kiti, jamani, hata suruali mpya nilikuwa nimenunua.

Basi watu wa afya wakaweka hema kando ya uwanja wa ng'ombe, na sista mmoja akaanza kutufundisha mambo ya moyo. Nilisimama mbele nikiitikia kila neno (nikimwangalia Koech kwa pembe ya jicho), mpaka sista akasema mafuta hayakai tumboni pekee, mengine hujipenyeza katikati ya misuli, kama ile mistari myeupe mnayoiona kwenye nyama buchani, na mtu anaweza kuonekana imara, hana hata kitambi, kumbe moyo na mishipa yake iko hatarini.

Koech akanigeukia polepole, akatabasamu. Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza.

"Sista," nikasema, "mafuta sisi tunayajua kwa mkono. Ng'ombe nikimshika kwenye shina la mkia, nimemaliza. Hawa wote ni madalali, wacha wanishike waseme."

Wakanishika. Mmoja alinibonyeza mbavu, mwingine akapapasa shina la mkia (mkia sina, lakini mahali pake alipapata), wa tatu akanifungua mdomo kuangalia meno, na mimi kwa kuwa nilitafuta kura nilisimama wima nikicheka nao. Wakakubaliana kwamba nafaa. Sasa kwetu mnyama akikubaliwa hupigwa alama ya rangi ili asichanganywe na wengine, na kabla sijageuka nikasikia baridi ya brashi kwenye ile suruali mpya.

"Fahali hanunuliwi akiwa amesimama," Koech akasema. "Atembezwe kwanza."

Na ni kweli, hatununui bila kumtembeza. Basi nikaanza kukimbia kwenye kile kilima cha udongo tunachopandishia ng'ombe kwenye lori, napanda, nashuka, nawapungia watu mkono, akina mama wanapiga vigelegele, mpaka pumzi ikakata na magoti yakakataa amri. Nikaona haya kukaa chini mbele ya wapiga kura, kwa hivyo nilipofika juu nikajipenyeza ndani ya lori nipumue kidogo nyuma ya mafahali. Dereva, ambaye hakuniona, akafunga mlango akaondoka. Nilijaribu kuita, ikatoka sauti ambayo ndani ya lori la ng'ombe haimshtui mtu.

Aliyeniona nikiingia ni Koech. Alichukua boda akalifuata lori njia ya Sigor, akalisimamisha, akaniteremsha kwa mkono wake na kunirudisha hemani nikiwa nanuka kinyesi cha ng'ombe.

Sista alijitahidi asicheke. Akasema mafuta ya kwenye misuli hawezi kuyaona pale, mpaka mashine ya hospitali, na kuhema peke yake si ushahidi, lakini presha anaweza kupima. Akapima, akapima tena, kisha akauliza nimekuja na nani. Hapo niliogopa kabisa.

"Amekuja na mimi," Koech akasema.

Kiti alipewa mtu mwingine kabisa, maana sista alinituma hospitali jioni ile ile, na wagombea wote wawili tulikuwa kwenye benchi huko. Nilimuuliza Koech kwa nini aliacha kura zake, ilhali alikuwa na hakika ya kushinda.

"Ungekufa," akasema, "ningeshindana na nani?"

Tangu siku hiyo nameza dawa, naenda sokoni kwa miguu, na nimeapa kwamba moyo wangu utapimwa na sista, si na madalali.