Pazia la Chumba cha Nyuma

Simu ilimkuta stoo, juu ya ngazi, akiteremsha maboksi ya chaki. Aliyepiga ni kinyozi, jirani wa dada yake, mtu ambaye hukosi kumsikia akicheka hata kabla hujamsalimu. Safari hii hakucheka.

"Mzee, umekaa au umesimama?"

"Niko juu ya ngazi."

"Shuka kwanza, Mzee."

Akashuka. Alihesabu vipago vitano, akakanyaga sakafu, akasema, "Haya, nimeshuka." Kinyozi akamwambia kwamba Bi Pindo, dada yake, amelala na haamki. Alikuwa amefungua nusu ya mlango wa duka kama kawaida yake, akaketi kwenye cherehani, akalaza kichwa juu ya mkono. Wapita njia walidhani anapumzika. Ilikuwa saa nne asubuhi, na chai yake ilikuwa imeshapoa.

Mzee aliketi juu ya boksi la chaki. Akasema, "Mungu, pokea mja wako," kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na mama yao, kwamba mtu akipata habari kama hii aanze na Mungu, kilio kitajileta chenyewe. Na kweli kilijileta.

Bi Pindo lilikuwa jina la utani. Alikuwa fundi wa mapazia kwa miaka thelathini na mmoja, na pindo lililopinda kwa upana wa punje alilifumua lote, hata kama mteja amesimama mlangoni na pesa mkononi. "Lakini halionekani, Bi Pindo!" mteja angelalamika. "Mimi nimeliona," angejibu, "na sasa na wewe umeshaambiwa, utaliona mpaka unakufa." Mdogo wake, huyu wa stoo, alimwita Dada tu. Yeye naye alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao, na jina hilo halikumtoka hata nywele zake zilipokuwa nyeupe pe.

Alikuwa na masharti mawili ya kazi. La kwanza, hapimi dirisha kabla hajaketi chumbani kimya kwa muda, aone jua linaingilia wapi na sauti gani zinapita. La pili, hakati kitambaa mpaka mwenye chumba aseme ndiyo kwa kinywa chake. Si kwa mume, si kwa mjumbe, si kwa kutikisa kichwa. "Kitambaa kikishaingia mkasi hakirudi dukani," alisema. Kila alichokikata alikiandika daftarini pamoja na jina la mwenyewe.

Aliishi juu ya duka, ngazi ishirini na mbili. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo mwaka wa kumi na moja sasa, mhandisi, mtoto mwema, mwenye kupiga simu kila Jumapili. Wanafunzi wake wa ushonaji walikuwa wameondoka mmoja mmoja, maana watu siku hizi hununua mapazia yaliyoshonwa tayari, ndani ya mfuko wa plastiki. Magoti yalianza kumsumbua. Kuna siku alishinda chini dukani bila kula, kwa kuogopa tu kupanda na kushuka. Jumamosi Kitinda, ambaye naye alikuwa amefiwa na mke miaka sita iliyopita, alikuja kunywa chai, na wakati mwingine saa nzima ingepita bila mmoja wao kusema neno. Hawakugombana. Walikuwa wamezoeana tu kama viti viwili vya seti moja.

Ndipo mwanawe akasema, "Mama, nataka kukununulia nyumba." Haikuwa nyumba hivihivi. Ilikuwa nyumba ya kifahari katika kitongoji kipya, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, yenye vyumba vitano, marumaru sakafuni, bustani mbele na nyuma, na yote iko chini, hakuna ngazi hata moja. Dalali alipewa mpaka mwisho wa mwezi kusubiri jibu.

Bi Pindo akamwomba mdogo wake amsindikize kuiona. Dalali aliwachukua kwa gari lake, njia nzima akisifu.

"Mama, jiko hili unaweza kuendesha baiskeli ndani yake!"

"Niendeshe baiskeli nimfuate nani?"

Dalali akacheka, ingawa hakuwa na hakika kama ule ulikuwa utani. Kitinda alikuwa na hakika kwamba haukuwa.

Waliomba waachwe peke yao, na Bi Pindo akafanya kama afanyavyo siku zote. Alikuwa amebeba viti viwili vya kukunja, akaketi na mdogo wake katika kila chumba, kimya, wakihama na viti vyao kama watu wanaosubiri daktari. Sebuleni palikuwa na mwangaza mzuri. Hapakusikika kitu. Hapakupita mchuuzi wala mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumtukana mwenziwe barabarani. Mlango mmoja ulipofungwa na upepo, mlio wake ulizunguka nyumba nzima ndipo ukatulia.

"Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake," Bi Pindo alisema. Kisha akatoka hadi getini kumwuliza mlinzi habari za majirani.

"Majirani, mama?" Mlinzi alijikuna kisogo. "Mimi nawajua kwa magari."

Waliporudi ndani akatoa futi yake, Kitinda akashika ncha ya pili, wakapima madirisha yote. Katika chumba cha nyuma, kilichotazama ukuta wenye maua, alisita.

"Hapa jua la asubuhi haliingii," alisema. "Wewe bado linakuamsha jua?"

"Linaniamsha. Pazia langu ni kama kitambaa cha kuchujia chai."

"Na ukilala unapenda dirisha liwe upande wa kichwa au wa miguu?"

"Dada na maswali yako! Wa miguu."

Akaandika. Kitinda alidhani ni maongezi tu.

Njiani kurudi, dalali akiwa amenyamaza kwa uchovu, Bi Pindo alimgeukia. "Wewe unaonaje, Kitinda?"

Swali hilo lilimtesa baadaye kuliko yote. Maana alikuwa na jibu. Alitaka kusema: Usiende, Dada, Jumamosi nitakunywa chai na nani? Lakini alifikiri juu ya zile ngazi ishirini na mbili na yale magoti. Akaona akisema usiende atakuwa mchoyo, na akisema nenda atakuwa mwongo. Basi akajificha nyuma ya adabu.

"Uamuzi ni wako, Dada. Sisi tutauheshimu."

Dada yake akageukia barabara. "Haya," alisema.

Usiku ule na siku zilizofuata Kitinda alipiga magoti akamwomba Mungu amwonyeshe dada yake njia. Aliomba kwa moyo wote. Hakuwaza kwamba pengine dada yake alikuwa ameshaonyeshwa, na aliyebaki kujibu ni yeye.

Siku ile ya msiba alipofika dukani, majirani walikuwa wameshamlaza marehemu na kumfunika. Kinyozi alimshika mkono, akamwonyesha cherehani. Chini ya sindano kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichokolea, kizito, chenye bitana. Upande mmoja wa pazia ulikuwa umekwisha. Wa pili ulikuwa umeshonwa pande zote isipokuwa pindo la chini.

"Kazi ya watu hii, Mzee. Mwenyewe atakuja kuiulizia."

Kitinda akafungua daftari amtafute mwenyewe. Akakuta ukurasa wa ile nyumba kubwa. Sebule: vipimo, na mbele yake, hakijakatwa. Chumba cha kulala: hakijakatwa. Jiko, chumba cha wageni, vyote vimeandikwa hakijakatwa. Mstari wa mwisho ulisema: Chumba cha nyuma. Dirisha upande wa miguu. Bitana nzito. Kitinda. Kimekatwa.

Alisoma mara tatu. Katika miaka thelathini na mmoja dada yake hakuwahi kukata kitambaa cha mtu ambaye hajasema ndiyo. Cha kwanza kilikuwa hiki, na mwenyewe alikuwa ameulizwa ndani ya gari akajibu kwa adabu.

Mwana wa marehemu aliwasili siku ya tatu, macho mekundu kwa safari na kilio. Aliketi kwenye kiti cha kukunja.

"Mjomba, alikwambia chochote kuhusu nyumba? Mimi hakunijibu. Kila Jumapili ananiambia subiri, kuna mtu namsubiri."

"Aliniuliza," Kitinda alisema. "Mtu mwenyewe ni mimi. Sikumjibu." Akampa daftari. Kijana alisoma, akaweka kidole juu ya ule mstari. Hakumlaumu mjomba wake. Alisema tu, "Nitampigia dalali," akatoka nje kumwambia asisubiri tena.

Mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wa Bi Pindo alikuja kutoa pole. Alipoliona pazia, akauliza kwa sauti ndogo kama aliache lilivyo, liwe kumbukumbu.

"Lishone," Kitinda akasema. "Dada hakuwahi kutoa kazi bila pindo."

Akalishona. Alilifumua mara mbili kwanza.

Walimzika siku iliyofuata. Jeneza lilitoka dukani, mlango wote ukiwa wazi, na lile pazia la kijani likiwa limetandikwa juu yake. Kinyozi, mpwa wa Kitinda na wanaume wengine wanne walilibeba hadi kwenye gari. Mchungaji alisema maneno machache, kwamba marehemu alikuwa mwaminifu katika mambo madogo, na waliomfahamu wakaitikia. Dalali naye alikuja, akasimama nyuma, kofia mkononi. Kaburini walilitoa pazia, wakamkabidhi Kitinda. Jeneza likashushwa. Zamu yake ilipofika alichota udongo, akainama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtu mmoja, "Ndiyo, Dada. Ningekuja," akautupia ndani. Wengine wakafuata. Kaburi lilijaa saa tisa na nusu. Mchungaji akafunga kwa sala, watu wakapeana mikono na kuanza kutawanyika. Kitinda alikunja pazia mara nne, akaliweka kwapani, akarudi nyumbani kwake.