Kizuizi cha Kona ya Sokoni

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho na, yakichoka, akatuachia masikio. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nikishamtaja Yeye, naweza kusimulia jinsi mimi na rafiki yangu tulivyogeuzwa kizuizi cha njiani.

Hapa Tabora kuna kiwanja ambacho watu hukikatiza wakitoka stesheni kwenda sokoni. Kwenye kona yake kuna benchi la saruji. Baada ya Alasiri mimi huketi hapo na rafiki yangu, fundi seremala aliyestaafu baada ya macho yake kuzima. Huja peke yake, kwa fimbo, akigusa kuta na kuhesabu hatua. Ndiyo safari pekee anayoimudu bila kushikwa mkono, na kushikwa mkono hataki.

Mwaka jana wakaja wahandisi. Wakasimika nguzo fupi zenye vijicho vinavyohisi mtu anapopita. Walisema kiwanja chenyewe kitajifunza watu wanavyokitumia, kisha watakipanga upya. Tuliitwa mkutanoni kutoa maoni, nasi tukajibu kwamba maoni hatuna, tuna kahawa. Hilo kosa ni letu.

Kiongozi wao alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mpole, kompyuta mkobani. Rafiki yangu, Mnyamwezi kamili, alimuuliza kabila. Aliposikia ni Mzaramo, uzee ukamtoka.

"Mtani! Babu zangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka kwenu, mkawapokea kwa uji mwepesi kama maji ya kunawa."

"Babu, walifika na njaa ya njia nzima. Sufuria gani ingewatosha?"

Tangu hapo wakapatana.

Wiki chache baadaye binti akaja bila utani. Akanionyesha picha kwenye kompyuta: mistari ya nyayo za wapitaji. Yote ilinyooka vizuri, ila ikifika kwenye kona yetu inapinda, inasimama, halafu inaendelea.

"Kompyuta inasema hapa pana kizuizi," alisema. "Tumekagua chini, hakuna shimo. Kilichobaki ni benchi. Tutaling'oa na kujenga jingine upande wa pili."

Mkono wa rafiki yangu ukapita taratibu kwenye ukingo wa benchi, kama anapima ubao.

"Upande wa pili pana bajaji," alisema.

Niliielewa hesabu yake. Kule hakuna ukuta wa kugusa. Benchi likihama, yeye atabaki nyumbani kwake na redio.

Nimefundisha madrasa miaka mingi, na hotuba ilikuwa tayari kooni. Mungu akanizuia. Nikasema tu, "Mjukuu wangu, funga kompyuta. Kaa nasi mpaka karibu na Magharibi."

Akaketi katikati yetu. Mama mwenye kapu la dagaa akakata kona kuja kwetu. "Shikamooni wazee." "Marahaba. Mgonjwa wako anaendeleaje?" Wakaja wanafunzi watatu, kila mmoja na shikamoo yake. Mwanamke anayewahi gari la Isikizya alitupita hatua kadhaa, akageuka na kurudi. "Nisameheni baba zangu, nilitaka kupita hivi hivi. Shikamooni." Kisha mtu wa bodaboda, mwenye mvi za kutosha, akapunguza mwendo. "Shikamooni!"

"Marahaba!" akaitikia binti, kabla yetu.

Rafiki yangu alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Umeshazeeka, mtani! Benchi limekuingia!"

Binti alijifunika uso kwa mtandio. Alipotulia, alisema, "Kumbe kizuizi ni nyinyi."

"Ni shikamoo," nikasema. "Kwenu mnapita tu?"

"Hata kwetu tunaamkia, babu. Ila kwenye mchoro niliweka watu wanaotembea. Wanaoamkiana sikuwaweka."

Benchi halikuguswa. Zaidi ya hapo, nguzo iliyo mwisho wa ukuta, pale rafiki yangu anapoingilia kiwanjani, binti aliipa sauti. Kwanza ilisema, "Tahadhari, unaingia eneo la wazi." Rafiki yangu akasema hajawahi kupokelewa vibaya hivyo hata na askari. Sasa inasema, "Shikamoo babu, benchi liko mbele yako."

Kwa bahati mbaya humwambia kila apitaye, mbuzi wakiwemo. Watoto wa shule huzunguka makusudi ili waitwe babu. Rafiki yangu husimama pale kila Alasiri. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kwenu hawajambo?" Husubiri kidogo, kisha huja kwangu akilalamika, "Mtoto wa mtani ana adabu, ila habari za kwao hatoi."

Juzi binti alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Kompyuta, alisema, imeona kizuizi cha pili, mwisho wa ukuta.

"Hicho nacho kiache," nikamwambia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutunzie macho yako na miguu yako, na popote upitapo akujaalie mtu wa kuitikia salamu yako. Amina.